Paa Linaloishi kwa Umande

"Hivi mwenzangu, maji yako ya suuza huwa unayapeleka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyepika chai katika ofisi kuu ya chuo kikuu na kwa sababu hiyo alijua mambo mengi kuliko wakuu wa idara. Aliuliza ameshika kiuno, macho yapo chini. Dobi mwenye kazi ya kutosha huwa na kidimbwi mlangoni pake, na bata wawili watatu wa kukiheshimu. Mke wa Fundi Majani, aliyeulizwa, alikuwa akifua mashuka ya bweni zima na mashati ya wahadhiri kumi na mmoja, lakini mlangoni pake palikuwa pakavu kama kiganja.

"Yanakwenda yanakohitajika," alijibu mwenye maji, akaendelea kukamua shuka.

Hakusema uongo. Mcha Mungu hasemi uongo, ila hakuna amri inayomtaka amwage ukweli wote kwa jirani kabla hajanywa chai. Mpika chai alitikisa kichwa, akaenda zake kazini, na swali lake likabaki pale kwenye ardhi kavu.

Chuo kilikuwa na jengo jipya lililoitwa Jengo la Kijani. Lilikuwa jeupe. Ukijani wake ulikuwa wa moyoni, ukiacha paa la ukumbi wa mbele, ambalo lilikuwa bapa, lenye ukubwa wa vyumba vinne vya kulala, na lilipandwa nyasi na mimea mifupi yenye majani manene. Madirisha yalichorwa na mtaalamu ili yaukaribishe upepo, kwa hiyo haikuwekwa hata feni moja. Mwaliko ulitumwa; upepo haukujibu. Wahadhiri, watu waliosoma, walinunua feni zao wenyewe wakazificha chini ya meza. Ubavuni mwa jengo lilisimama tangi la kuvunia maji ya mvua, kubwa, lenye maandishi mazuri, lakini mabomba yake hayakuunganishwa hata siku moja kwa kuwa fundi bomba na mkandarasi waliachana kwa matusi wakiwa wamebakiza kiungo cha mwisho. Wafagiaji waliweka humo mafagio yao, na mafagio hayakulowa kamwe.

Mambo hayo hayakumnyima usingizi msimamizi wa majengo, ambaye jengo lilipozinduliwa alibadilishiwa cheo akawa Meneja wa Mandhari Endelevu. Wafanyakazi walimwita Bwana Endelevu, akiwa mbali. Yeye alisoma katika kijitabu kwamba mimea ya paa ni ya aina shupavu, inayoishi kwa umande. Akamwita mtunza bustani, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa amekata majani ya chuo hicho mpaka jina lake likasahauliwa akabaki Fundi Majani, akamwonya: kule juu asiguse, asimwagie hata tone. Ile ni mimea ya kisasa.

Fundi Majani alitii wiki tatu. Ya nne ilikuwa ya kiangazi, na mimea ya kisasa ikaanza kufa kwa namna ya zamani.

Wako watu wanaoweza kuupita mmea wenye kiu wakaendelea na safari yao. Wengi wao wana ofisi. Yeye hakuweza. Alirudi nyumbani akakaa bila kugusa chakula, na mkewe alipomuuliza kafiwa na nani, akamweleza. Tangu hapo, kila alfajiri walipomaliza kusali, walipanda ngazi ya nyuma ya Jengo la Kijani, vidato arobaini na vinane, ndoo tano za mume na tano za mke. Yalikuwa maji ya suuza ya mwisho, kwa kuwa ya kwanza yana sabuni na sabuni huunguza mizizi. Waliyamwaga shinani kwa kopo lililotobolewa kitakoni, taratibu, lisidondoke tone ukutani likawasema. Kufika saa ambayo walinzi hubadilishana zamu, walikuwa wamekwisha shuka, yeye akifagia njia, mke akichemsha maji ya mashuka mengine.

Mwaka ukapita. Paa likanawiri hata wageni wakawa wanapigwa picha wameligeuzia mgongo. Bwana Endelevu akaandika ripoti yake ya mwaka: mwaka mzima, maji sifuri, mtunzaji sifuri. Ripoti ikapongezwa, na chuo, kwa kuwa ni mahali pa kufikiri, kikafikiri. Kama paa linajitunza lenyewe, kwa nini bustani nyingine zisijitunze?


Barua ililetwa na mpika chai mwenyewe, aliyeiona ikichapwa, akaiomba aibebe ili isiletwe na mtu asiye na huruma. Aliiweka mezani akasimama mlangoni, hataki kukaa, hataki kuondoka.

Binti wa nyumba, aliyekuwa amebakiza miezi miwili afanye mtihani wake wa mwisho wa sekondari, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Barua ilianza kwa shukrani. Ikaendelea kwamba kutokana na mandhari ya chuo kuanza kujiendesha yenyewe, nafasi ya mtunza bustani imefikia ukomo wake kwa mafanikio makubwa. Mwenye nafasi alitakiwa kurudisha jembe, mkasi wa ua na nyumba katika muda wa siku thelathini, ili safu ya nyumba za wafanyakazi ibomolewe na pawe uwanda wa maua ya porini.

Binti aliigeuza karatasi nyuma, kama kwamba ukweli ungekuwa upande huo. "Baba, wamekufukuza au wamekupongeza?"

"Yote mawili," alisema mama yake. "Wamebana matumizi."

Fundi Majani alichukua barua akaikunja mara nne, kwa unyoofu, namna alivyokunja kila kitu. Mpika chai akaona ni wajibu wake kuongeza kwamba nyumba yake nayo imo, ila yeye ana dada mwenye chumba cha ziada, na kwamba maua ya porini yalipigiwa kura mezani na watu kumi wakinywa chai aliyoipika yeye. Kuna mmoja aliyeomba sukari zaidi.

Alipoondoka, mke alisema lililokuwa wazi: nenda kawaambie nani anamwagilia. Mume akamjibu kwa sauti ya chini kwamba alikatazwa asiguse. Akisema, basi amevunja amri kila siku kwa mwaka mzima, na mtu anayeondolewa kwa kosa hapewi hata kile kiinua mgongo kidogo. Asiposema, hana kazi.

"Kwa hiyo kama ungeliacha paa life," alisema mke, "leo ungekuwa na kazi."

"Ningekuwa nayo."

"Na mimi ningekuwa na bata."

Walicheka kidogo, kwa sababu binti alikuwa akiwatazama. Kisha mama akamwambia arudi kwenye vitabu vyake; mtihani haujui nyumba ya mtu.


Bwana Endelevu aliwatembelea kabla ya wiki kwisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Nyuma yake walifuata vibarua wawili na mkokoteni uliofunikwa turubai. Alipiga hodi kwa adabu nyingi, akaisifu nyumba kwa ubaridi wake, akamuuliza mama kama mashati yake yapo tayari, kisha akaeleza shida.

Mkaguzi wa kimataifa alikuwa anakuja kulipima Jengo la Kijani ili lipewe cheti. Kulikuwa na viwango vitatu, na chuo kiliomba cha juu kabisa. Mkaguzi huyo angesafiri kwa ndege mbili na gari moja kuja kuona ni moshi kiasi gani chuo kinauepusha. Sasa, zipo feni. Si nyingi. Kumi na nne.

"Tuwekeeni tu kwa siku mbili, mama. Huku hawezi kufika. Huku si sehemu ya chuo."

"Huku ni wapi basi?" aliuliza mama.

Meneja alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto wa mwenzake. Feni zikaingia. Zilijaa sebuleni, zikapanda juu ya kitanda cha binti, na moja kubwa ya mkuu wa kitivo ikasimama katikati ya mlango wa jikoni ikimtazama kila anayepita. Watu walioandikiwa waiache nyumba hiyo walitia sahihi karatasi kwamba watazilinda feni zilizomo.

Kisha akamvuta Fundi Majani pembeni, ingawa nyumba ile haikuwa na pembeni, na kila mtu akasikia. Mkaguzi angepanda juu ya paa. Huenda angetaka kuongea na mtu wa kawaida, wanapenda hivyo. Ataulizwa maji yanatoka wapi. Jibu ni neno moja: umande. Akilisema vizuri, meneja angejitahidi kumwombea abaki katika nyumba mpaka binti amalize mtihani.

"Umande," alirudia Fundi Majani, akionja neno.

"Umenielewa, mzee wangu. Usiongeze kitu. Ukiongeza, hata mimi sitakujua."

Jioni hiyo walikula wamesimama, maana feni zilikuwa zimechukua viti. Fundi Majani akamuuliza mkewe angefanya nini yeye. Mkewe alimaliza kwanza kutafuna.

"Miezi miwili ya nyumba si kitu kidogo, najua. Na mtoto anasoma, najua. Lakini mimi napanda ngazi ile na ndoo tano kila siku, na goti langu hili shahidi. Ukimwambia yule mtu ni umande, basi umande ni mimi. Sema unavyoona."

Akaenda kusali. Alisali muda mrefu kuliko kawaida, na kama aliomba jambo au alishitaki mtu, Mwenye kusikia ndiye ajuaye.


Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya kitambaa na daftari lenye jalada la majani makavu. Alizungumza Kiswahili cha kujifunza, safi kuliko cha meneja. Alipitishwa kwenye madirisha, akafurahi. Alioneshwa tangi, akaligonga kwa kidole, nalo likaitika kwa sauti ya kitu kitupu chenye mafagio. Bwana Endelevu akasema hiyo ni sauti ya ubora. Wahadhiri walikaa ofisini wametulia, jasho likiwatiririka kwa uzalendo.

Juu ya paa walikuwa watu wanne: mkaguzi, meneja, kijana wa kupiga picha, na Fundi Majani katika sare mpya aliyoazimwa kwa saa tatu. Mkaguzi alipiga magoti. Akaingiza kidole katika udongo, akakitoa, akakitazama.

"Udongo huu umelowa."

"Umande," alisema Bwana Endelevu.

"Saa tano mchana?"

"Umande wetu ni wa kudumu."

Mkaguzi aliinua uso akamtazama mtunza bustani, kama ilivyotabiriwa, akamuuliza maji yanatoka wapi. Fundi Majani alivua kofia. Alimwona meneja akiunda neno kwa midomo, polepole, kama mtu anayemfundisha bubu kuimba. Akafikiria chumba cha binti, na mtihani. Kisha akafikiria goti.

"Namwagilia mimi," alisema. "Mimi na mke wangu. Ndoo kumi, kila siku Mungu anayotuamsha. Maji anayofulia nguo."

Bwana Endelevu alianza kueleza kwamba mzee huyu ni wa muda mrefu na jua la mapaa lina athari zake, lakini mkaguzi alikuwa amefungua daftari. Alitaka kujua: maji yaliyokwisha kutumika? Ndiyo. Bila pampu? Bila. Bila umeme? Kwa mikono. Na aliagizwa na nani?

"Sikuagizwa. Nilikatazwa."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa yamelowa kuliko udongo. Alisema katika nchi kumi na saba alizokagua hajawahi kuona kitu kama hiki: kaya nzima, kwa hiari yake, inarudisha maji yake machafu kwenye ardhi. Akamshika Fundi Majani mkono kwa mikono yake miwili, na kijana wa picha akapiga mara sita. Meneja, ambaye sekunde chache nyuma alikuwa hamjui mzee huyu, aliwahi kuingia katika picha tatu.


Siku nne zilizofuata zilikuwa njema katika nyumba ile. Feni ziliondoka. Mpika chai alileta habari asubuhi na jioni, naye hakuwa mchoyo: jina la Fundi Majani limetajwa katika kikao mara tatu. Mkuu wa chuo amesema neno "shujaa". Cheti kimepanda mpaka kiwango cha juu kabisa. Kibao cha shaba kinachongwa.

"Lakini angalieni," aliongeza, "wasije wakawavika kilemba cha ukoka. Nimewapikia chai miaka mingi. Wakisifu sana, huwa wamekwisha kata mshahara wa mtu."

Mke hakutaka kusikia. Alipiga pasi shati la mumewe, lile la harusi na misiba. Binti alikuwa amekwisha amua kwamba baba atapewa cheo, akamtungia viwili vitatu, na kila kimoja kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Fundi Majani alisema hataki cheo. Anataka jembe lake lirudi na barua ile ifutwe. Walipoitwa ofisini, waliitwa wote wawili, mume na mke, na hilo lilionekana kuwa dalili njema. Mtu haitwi pamoja na mkewe kufukuzwa.


Ofisi ya Bwana Endelevu ilikuwa ghorofa ya pili ya Jengo la Kijani. Feni yake ilikuwa imerudi chini ya meza, ikimpepea yeye miguu na wageni mavumbi. Aliwakaribisha viti, akawapa soda moja moja, akawashika mikono. Akasema yeye siku zote alijua.

Cheti kimepatikana, alieleza, na kimepatikana kwa sababu yao. Mkaguzi ametoa alama nne nzima kwa jambo linaloitwa ushirikishwaji wa jamii kwa kujitolea. Bila hizo nne wangeangukia kiwango cha pili. Chuo kinashukuru sana. Akafungua mkoba akatoa fulana mbili za kijani zilizoandikwa kifuani "Balozi wa Mazingira", saizi moja, kwa watu wawili wasio na saizi moja.

Mama aliishika fulana yake kwa ncha za vidole. "Kwa hiyo barua imefutwa?"

"Kwa upande wa nyumba, kwa sasa, imesimama. Kanuni inataka maji yatoke katika kaya iliyomo ndani ya eneo la chuo. Kwa hiyo mtakaa. Maua ya porini yatasubiri."

"Na kazi yake?"

Bwana Endelevu aliweka viganja pamoja. Hapo, alisema, ndipo panapohitaji uelewa. Alama zimetolewa kwa kujitolea. Mtu anayelipwa hajajitolea. Wakimrudisha Fundi Majani kazini, alama nne zinakufa, na cheti kinashuka, na itakuwa ni yeye Fundi Majani aliyekishusha, jambo ambalo kwa hakika hatalipenda. Ataendelea kumwagilia kama alivyokuwa akifanya kwa moyo wake mwenyewe, sasa kwa heshima, mchana kweupe, na fulana.

"Bila mshahara," alisema mama.

"Kujitolea, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Na nyumba tunakaa bure."

Meneja alikohoa. Nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi. Asiye mfanyakazi, kwa utaratibu, ni mpangaji. Ingekuwepo kodi, lakini ndogo mno, ya kuonesha tu kwamba vitabu vya chuo viko sawa.

Mama aliiweka fulana mezani. "Nisahihishe nikikosea, mwanangu, mimi shule yangu ni ya msingi. Tutabeba maji yetu, tutapanda ngazi yenu, tutamwagilia paa lenu, halafu tutawalipa."

"Ukiliweka hivyo halipendezi," alikiri meneja.

"Liweke wewe, lipendeze."

Meneja aliingiza mkono mkobani. Alisukuma karatasi mbele ya Fundi Majani, akamwekea na kalamu juu yake. Ilikuwa ahadi ya mwaka mmoja. Jina lake lilikuwa limekwisha chapwa, kwa makosa, lakini meneja alisema hilo linarekebishika.

Fundi Majani aliisogeza soda mbali na karatasi. Mkewe alimtazama. Alimjua: mtu wa ndiyo bwana, miaka kumi na tisa ya ndiyo bwana, mtu ambaye hata akikanyagwa huuliza kama mguu wa mwenzake umeumia. Na zaidi ya hayo, alikuwa akiipenda ile mimea. Mama alijua kwamba mumewe akitia sahihi, kesho alfajiri yeye mwenyewe atainuka na ndoo tano, na goti lake, na hatasema kitu, kwa sababu ndivyo walivyoishi. Alianza kumwomba Mungu kimyakimya, bila kujua hasa aombe lipi.

Fundi Majani aliichukua kalamu. Akaiangalia pande zote kama anayetafuta makali yake.

"Hicho kibao cha shaba," alisema, "kinafunguliwa lini?"

Bwana Endelevu alifurahi kuulizwa. Siku kumi na mbili kuanzia leo. Mkaguzi anarudi mwenyewe, pamoja na wafadhili na watu wa magazeti. Watapandishwa wote juu, maana kibao kitawekwa palepale katikati ya majani, na picha itapigwa kutokea angani.

"Na mvua?"

"Mvua mbali. Miezi miwili. Tumechagua siku ya jua kwa makusudi, picha zitoke vizuri."

Fundi Majani aliitikia kwa kichwa. Akailaza kalamu juu ya karatasi, sambamba na mstari wa sahihi, bila kuandika kitu.

"Kwa jua hili, paa likikosa maji, linachukua siku nane kukauka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama alivyokuwa akijibu kila alipoulizwa ua litachanua lini. Bwana Endelevu alicheka kidogo. Kisha kicheko kikamkwama, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Ilipofika nane, Fundi Majani alikuwa amekwisha inuka na kuvaa kofia. Alimfungulia mkewe mlango, akamsubiri apite na goti lake, akatoka nyuma yake.